Gauni Lilitoka, Uso Haukutoka

Benchi la pale ni mlango wa zamani uliokataa kufunga, ukalazwa juu ya magogo mawili na kuegemezwa ukuta wa duka la cherehani. Kivuli cha paa kikishalifikia, Shangazi huja na jiko lake, birika na vikombe vidogo, na wenye benchi hutokea mmoja mmoja bila kuitana. Shangazi si shangazi wa yeyote kati yao, lakini hata waliomzidi umri humwita hivyo, kwa kuwa ndiye anayeshika birika. Upande wa kulia hukaa Volti, fundi umeme, ambaye kwake hakuna tatizo duniani lisilotokana na waya. Katikati hukaa Shahidi, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea ambalo yeye hakuwapo, hata kama mambo mawili yalitokea saa ileile katika miji miwili. Na mlangoni pa duka, nusu ndani nusu nje, hukaa mwenye duka, Sentimita. Huyu hupima kila kitu, hata maneno yake. Katika ukoo wao ndiye mtunza picha, kila moja ameiandika nyuma ni nani na nani. Ukitaka kujua nani aliazima koti la nani kwenye harusi ya nani, unamwuliza yeye, ila usithubutu kumkosoa rangi ya tai.

Siku hiyo Sentimita alikuwa na simu juu ya goti, na kahawa yake haijaguswa.

— Inapoa hiyo, fundi — Shangazi alisema.

— Iache ipoe, Shangazi. Mimi leo nina mtihani.

— Mtihani gani na mvi hizo?

— Jioni hii binti yangu anacheza mchezo wa kuigiza pale ukumbini. Na mama yangu anataka picha.

— Si umpigie — Volti alisema. — Simu unayo, kidole unacho.

— Nilimpigia mwaka jana. Tazameni wenyewe.

Simu ikapita mkono hadi mkono. Kwenye kioo palionekana jukwaa, pazia jeusi kwa nyuma, na mbele yake gauni la kijani lililotoka vizuri mno, kola yake, vifungo vyake, marinda yake. Juu ya kola, pale ambapo mtu huwa na uso, palikuwa na duara jeupe tupu.

Shahidi aliisogeza simu, akaitenga, akaisogeza tena.

— Huyu amebeba sahani?

— Ni uso huo.

— Uso wa nani?

— Wa binti yangu, bwana!

— Usikasirike. Nauliza kwa sababu hauna pua.

— Lakini mshono umetoka — Volti alisema akichungulia. — Hata pindo naliona. Hii ndiyo simu ya fundi cherehani, inajua bosi wake anatazama nini.

Sentimita hakucheka. Picha ile aliisafisha kwenye karatasi mwaka jana, akampelekea mama yake. Mama aliipeleka dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Gauni nimeliona, mwanangu. Aliyelivaa alikuwa wapi?"

Na mwaka huu jambo lilikuwa zito zaidi. Bi Mkubwa, kama watu wa benchi walivyozoea kumwita mama yake, hakuwa ametoka nje tangu mwaka juzi, alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, akawa anatembea kwa kushika ukuta, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti chake cha dirishani, na kurudi. Sasa katika mchezo huu binti alipewa sehemu ya kikongwe, na hakwenda mbali kutafuta mfano. Kwa wiki kadhaa alimfuata bibi yake chumbani, akimwiga anavyoguna kabla ya kuinuka, anavyoweka mkono kiunoni, na ile tabia yake ya kusimama kila akifika mlangoni na kugeuka nyuma, kama mtu aliyesikia akiitwa.

— Na Bi Mkubwa anajua kwamba anaigwa? — Shangazi aliuliza.

— Anajua. Ameniambia, "Nataka nione mjukuu wangu amenifanya nani. Kama amenifanya kinyago, nijue mapema."

— Sasa si umchukulie video? Aone mwendo wote.

— Nimejaribu, Shangazi. Kioo ni kidogo, macho yake yamechoka. Anasema watu wanapita humo kama nzi. Anataka karatasi, aishike, aisogeze dirishani, atazame kwa nafasi yake.

— Na mchezo ni leo tu?

— Leo tu.

Volti aliweka kikombe chini. Alipoweka kikombe chini namna ile, wenzake walijua kwamba waya umeshapatikana.

— Tatizo ni mwanga mdogo.

— Mdogo wapi, na uso umeungua? — Sentimita alisema.

— Umeungua kwa sababu mwanga wote umemwendea yeye, pazia limenyimwa. Hiyo inaitwa dhuluma. Nipe nafasi nifunge taa mbili chini ya jukwaa, moja huku, moja kule, kila mtu apate haki yake.

— Ulipofunga taa kwenye harusi ya mpwa wangu tulikula gizani — Shahidi alisema.

— Ile ilikuwa fyuzi ya mwenye nyumba!

— Nilikuwapo, Volti. Nililishwa na mtu nisiyemjua mpaka leo.

— Kwani flashi haiwaki? — Shangazi aliuliza. — Mimi nikipigwa picha huwa naona umeme.

— Inawaka — Sentimita alisema. — Niliiwasha pia mwaka jana. Haifiki jukwaani, inaishia safu za mbele. Nina picha nzuri sana ya kisogo cha bwana mmoja mwenye kipara. Kinang'aa kama yai.

— Basi kosa lako ni moja — Shahidi alisema kwa utulivu. — Simu ni kama jicho. Wewe ukitoka juani ukaingia chumba cha giza, unaona nini? Huoni kitu. Sasa na simu unaichomoa mfukoni ghafla, unaielekeza jukwaani, itaona nini? Ifungie kabatini kuanzia sasa. Ikizoea giza, jioni itaona kama paka. Kuna mpiga picha alifanya hivyo, na mimi nilikuwapo. Alipiga harusi nzima bila taa.

— Picha zikatoka?

— Ndoa haikudumu. Sikupata nafasi ya kuziona.

Volti alikuwa ameshahama kutoka kwenye taa.

— Au apakwe masizi. Kidogo tu, hapa na hapa. Kitu cheusi hakiungui kwa mwanga.

— Binti yangu apakwe masizi mbele ya watu?

— Si anacheza kikongwe? Hakuna atakayeuliza. Angekuwa bibi harusi ningesema tofauti.

— Hamjafika — Shahidi alisema. — Mtu akitembea jukwaani, picha inatikisika, kweli si kweli? Sasa, akifika katikati, Volti akate umeme wa ukumbi mzima. Giza likiingia ghafla, binadamu huganda alipo. Wote watakuwa wameganda. Hapo fundi anapiga.

— Gizani?

— Na flashi! Si ulisema flashi haina kazi? Nimeipa kazi.

Volti alimtazama mwenzake kwa muda. Katika miaka yote ya benchi, ilikuwa mara ya kwanza kuona wazo la Shahidi lina waya ndani yake.

— Swichi kuu iko nyuma, karibu na choo — alisema polepole.

— Kaeni chini nyote wawili! — Sentimita alisema. — Mimi sijawahi kumshonea mtu nguo kwa kubahatisha. Nguo inajaribiwa kwanza. Shangazi, njoo ndani dakika moja.

— Na birika?

— Shahidi atalishuhudia.

Ndani ya duka, Sentimita alishusha jora la kitambaa cheusi cha suti, akakitundika kwenye misumari ya ukutani kikaanguka kama pazia. Akamweka Shangazi mbele yake, kwenye kigoda. Volti akapewa taa ya cherehani, aishike juu, immulike usoni. Mlango ukaegeshwa. Shahidi naye aliingia na birika mkononi, kwa kuwa jambo halingeweza kutokea yeye akiwa nje.

Sentimita akapiga. Shangazi akatoka sahani.

— Ni yeye yule wa mwaka jana! — Shahidi alisema.

Sentimita alitazama kioo, akatazama kitambaa, akatazama kioo tena. Cheusi kilikuwa kingi kuliko Shangazi. Simu ilikuwa imeona cheusi juu, cheusi chini, cheusi kila upande, ikadhani ni usiku, ikaongeza mwanga ili kila kitu kionekane. Uso uliokuwa na mwanga wake tayari ukafurika.

— Inapima ukumbi mzima, halafu inamvisha yeye — alisema. — Ndiyo maana. Ni sawa na mimi nipime watu wote wa benchi, nijumlishe, nigawanye, nimshonee Shangazi gauni.

— Mie gauni lenye tumbo la Volti silitaki.

— Tulia hapo, Shangazi. Usicheke.

Akaweka kidole juu ya uso wake kwenye kioo na kukishikilia. Kikatokea kimraba, na pembeni yake kijua kidogo. Akakivuta kile kijua chini, polepole, kama anavyovuta uzi. Kitambaa kikazidi kuwa cheusi mpaka kikapotea. Ile sahani ikaanza kupungua weupe, yakatokea mashavu, zikatokea nyusi, ukatokea mkunjo mmoja kati ya nyusi, na jasho jembamba juu ya mdomo. Akapiga.

Wakaisogelea wote watatu. Shangazi akainuka kigodani akaja kutazama.

— Futa.

— Kufuta! Shangazi, imetoka!

— Ndiyo maana nasema ufute. Ile ya kwanza haikuwa na umri. Nipe ile.

Walicheka mpaka Volti akaiinamisha taa na kuwamulika miguu. Kisha wakaendelea, maana sasa kazi ilikuwa imenoga. Wakamtembeza Shangazi mbele ya kitambaa, akatoka wawili, mmoja akimfuata mwenzake. Sentimita akabana viwiko mbavuni, akaegemea kabati, akapata Shangazi mmoja na nusu. Akajaribu kuivuta picha ili uso uje karibu, uso ukaja umechakaa kama kitambaa kilichofuliwa kwa jiki. Akaacha kuivuta, akasogea mwenyewe hatua chache, ukatoka safi.

— Sasa atakuwa anatembea — Volti alisema. — Shangazi tumemwamuru asimame. Yule utamwamuru nani?

— Hataamriwa. Atasimama mwenyewe — Sentimita alisema. — Akifika kwenye mlango wa jukwaani anaweka mkono kiunoni na kugeuka nyuma. Hapo hutulia kiasi cha mtu kuhesabu mpaka tatu. Namjua anayeigwa.

— Hapo mlangoni taa ni nyeupe — Volti alisema. Ndiye aliyeitwa juzi kutengeneza nyaya za ukumbi, na safari hii alikuwa na hakika. — Piga hapohapo. Usingoje mwisho. Mwisho wanawasha nyekundu tupu, ile inameza pua na mikunjo yote, mtu anabaki kama nyanya.

Walirudi nje wakakaa. Shangazi akarudisha birika motoni. Sentimita akachukua kikombe chake, kahawa imeshapoa kabisa, akainywa vilevile, na akaiona tamu.

— Kwa hiyo Bi Mkubwa atapata uso — Shangazi alisema baada ya muda.

— Atapata.

— Na mwendo?

— Mwendo gani?

— Si alitaka kuona anavyoigwa? Karatasi itamwonyesha mtu amesimama mlangoni. Kuguna hakumo. Kutembea hakumo.

Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa viti vya plastiki alisimama kando ya jiko, akafuta shingo, akanyoosha kidole kuomba kikombe. Shangazi akammiminia. Hakuna aliyemtazama zaidi ya hapo.

— Piga nyingi — Shahidi alisema. — Tangu anaingia mpaka anatoka. Zisafishe zote, uzipange kitandani kwa safu. Bi Mkubwa apitishe macho harakaharaka. Itakuwa kama anatembea.

— Macho yake hayana haraka.

— Basi usizipange kitandani — Volti alisema, na kikombe kikashuka chini. — Zibandike ukutani. Mwenyewe si hutembea kwa kushika ukuta? Basi. Kutoka kitandani mpaka dirishani, picha, picha, picha. Picha zitulie, yeye ndiye atembee. Anajiona anavyotembea huku anatembea!

Hata Shahidi aliona kwamba hapo pamefikwa. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwapo siku kitu kikubwa kilipovumbuliwa. Sentimita mwenyewe alishaanza kukadiria urefu wa ukuta.

— Samahani, wazee wangu — alisema mtu wa viti. — Nimewasikia mnavyomzungumzia huyo mama. Viti hivi ndivyo vinakwenda huko ukumbini. Sasa yeye nimwekee upande gani?

— Yeye nani?

— Huyo mama anayetaka kumwona mjukuu wake. Wengine wenye miguu ya shida hupenda karibu na mlango. Au nimweke mbele?

Volti alimtazama Shahidi. Shahidi, ambaye alikuwapo kila mahali, alitazama ndani ya kikombe chake. Shangazi alishika birika lililokuwa limeinama, lisimimine wala lisisimame.

— Bi Mkubwa haendi — Volti alisema mwishowe.

— Ahaa. Amekataa. Wazee wana mambo yao.

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akanywa. Lakini wote wakamgeukia Sentimita, maana jambo la ukoo ule, kama lilisemwa, yeye ndiye angejua lilisemwa lini.

Na alijua. Ilikuwa baada ya ile nyonga, mvua ikinyesha, shuka la kitandani ni lile la maua ya zambarau. Mama alisema, "Mimi sasa safari zangu ni kitanda hiki na dirisha lile." Aliyakumbuka maneno yote, na sauti, na dada yake aliyekuwa amesimama na bakuli mkononi. Alichotafuta asikione ni swali. Hakuna aliyekuwa ameuliza kitu. Mama alisema vile siku ile kwa maumivu ya siku ile, nao wakayachukua maneno yake wakayakunja vizuri, kama nguo ya mtu aliyesafiri. Baada ya hapo kila sherehe walimletea picha. Na ukumbi wenyewe ulikuwa mtaa wa pili. Kelele za mazoezi zilikuwa zikiingia kwa dirisha lake.

— Ngoja kidogo — alimwambia mtu wa viti. — Usiondoke.

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, mkono juu ya kizingiti cha dirisha.

— Mama, mchezo ni leo.

— Najua. Nimewasikia tangu juzi. Yule anayepiga ngoma hajui.

— Ungependa kwenda?

Alimgeukia taratibu.

— Kwenda wapi?

— Ukumbini. Ukamwone mwenyewe.

Hakujibu. Sentimita akaogopa ule ukimya, akaanza kuujaza: kwamba nje kuna mkokoteni, kwamba watamkalisha kwenye kiti, Volti atashika upande huu na yeye upande ule, ngazi za ukumbi ni chache, akichoka watamrudisha hata mchezo ukiwa katikati, na kama hapendi basi asione haya kusema. Mama alimwacha mpaka akaishiwa.

— Viatu vyangu vya kutokea viko wapi?

Sentimita alifungua kinywa. Alijua viatu vile. Alijua vilinunuliwa kwa harusi gani, na picha ipi ya ukoo inavionyesha vizuri. Mahali vilipo hakujua. Mkewe akaingia, akainama chini ya kitanda, akapanda kiti akapapasa juu ya kabati, akashuka na vumbi mkononi. Wakatazamana, na wote wawili wakajua kwamba kuna siku mtu fulani wa nyumba ile aliviona havina kazi, akavitoa. Hakuna aliyelisema. Mama naye hakuuliza mara ya pili.

Mkewe akavua vyake vyeusi. Vilikuwa vikubwa. Sentimita alivikwapua akakimbilia dukani kutafuta vipande vya kitambaa. Watu wa benchi walimwona akipita na viatu vya kike kwapani wasimwulize. Volti na Shahidi walikuwa wameshateremsha kiti kimoja kutoka mkokotenini, wanakifuta, huku wakibishana nani ana bega la juu zaidi. Mtu wa viti alikuwa akiviegesha vingine upande mmoja ili papatikane nafasi. Shangazi alikuwa akimwagia maji makaa yake.

Aliporudi alipiga magoti mbele ya mama yake. Akajaza kitambaa kwenye ncha ya kiatu, akamvisha.

— Vipi?

— Pamelegea.

Akavua, akaongeza kipande kisigino, akavisha tena.

— Hapa?

— Kidogo tu.

Akaongeza kidogo tu.

— Sasa?

Alikanyaga sakafu, mara moja, mara mbili, uso wake umeelekea mlangoni. Mwanga wa alasiri ulikuwa ukiingia dirishani kwa ubavu, laini, ukilifikia shavu moja na kuliacha lingine kivulini. Sentimita, ambaye mchana huo alikuwa akijifunza kutazama uso katika mwanga, aliona kwamba hapo hapakuhitaji kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukatoka na simu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kioo.

— Mwanangu.

— Naam, mama.

— Kirudishe hicho mfukoni. Nataka mikono yote miwili.